Tangazo Langu Lilipoita Waongoza Wageni

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi, na mlima haupo.

Najua upo. Lakini wiki nzima hii umejifunika, nami nimekaa dirishani ofisini nikitazama mahali pake, kama mtu anavyotazama kiti cha mwenzake aliyetoka kidogo. Chini barabarani wachoma mahindi wanafunua majiko yao. Lami iliyolowa inatoa harufu yake ile. Moshi ikinyeshewa hivi huwa mji unaojisahau, na mimi hujisahau pamoja nao.

Nimeshuka kutoka Kirua alasiri hii. Mwili umeshuka, akili nadhani imebaki kule kwenye migomba, inazurura. Viatu vimejaa udongo mwekundu, nimeviacha mlangoni, naandika nikiwa peku. Mama amepiga simu kuuliza kama nimemletea mtindi. Nimemletea. Kilichotokea leo sijamwambia. Nakuambia wewe kwanza, shajara yangu, kwa sababu wewe huniulizi "sasa itakuwaje?"

Sasa itakuwaje?

Ngoja nianze vizuri, maana huenda kuna anayesoma hapa kwa mara ya kwanza. Mimi ni mratibu wa umoja wa akina mama wanaofuga ng'ombe wa maziwa Kirua Vunjo. Wao wako juu, mimi niko huku mjini, kwenye chumba hiki kimoja chenye meza, kabati na dirisha. Nawatafutia wateja wa maziwa, nazungumza na mahoteli na maduka, nawaandikia wafadhili. Mimi si Mchagga. Nimezaliwa Majengo, hapa hapa mjini, baba yangu fundi cherehani, na ukoo wetu ni mchanganyiko ambao hata bibi alikuwa akiueleza hadi anachoka mwenyewe. Nilipokwenda Kirua mara ya kwanza nilimwogopa ng'ombe kuliko ninavyomwogopa mbwa. Bado namwogopa. Lakini wale akina mama walinipokea, wakanikalisha mezani hadi nikamaliza sahani nzima ya kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, wakaniita binti yao wa mjini. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Kwangu mimi aliyepona alikuwa mgeni.

Katika mkutano mkuu uliopita lilizuka swali. Siku hizi kila mama ana simu, na baadhi ya wateja wanampigia mwenyekiti moja kwa moja. Je, ofisi ya mjini bado inahitajika? Au ifungwe, kazi ipandishwe Kirua, aifanye mmoja wao? Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Mama Ndeshi, mwenyekiti wetu, alinishika mkono wakati swali linaulizwa na hakuuachia hadi mwisho. Wakakubaliana atafutwe mtaalamu wa nje, mtu asiye na shamba wala shemeji Kirua, aichunguze kazi yote kisha atoe ushauri. Na nani amtafute?

Mratibu.

Yaani nimtafute mtu, nimwandikie mkataba, nimpokee na chai, ili aje aseme kama nibaki au niende. Mganga hajigangi, hilo nalikubali. Ila mganga kutumwa akamtafute mganga wa kumganga yeye mwenyewe, hilo sikuwahi kulisikia.

Nikaandika tangazo kwa Kiswahili changu cha ofisini: "Anatafutwa mtaalamu mwelekezi." Ndivyo watu hawa wanavyoitwa kwenye barua za serikali, na nilijisikia msomi kidogo kulitumia neno hilo. Nakala moja niliibandika mjini. Nyingine nilimpa Mama Ndeshi, akaipeleka kanisani, ikasomwa baada ya ibada pamoja na matangazo ya ndoa. Msomaji wa matangazo, Mungu amzidishie, akaona maneno yamekuwa mengi. Akayapunguza. Washarika wakasikia kwamba akina mama wa maziwa wanatafuta mwelekezi mzoefu wa kuwaonyesha njia.

Kirua, chini ya Kilimanjaro. Tena masika, wakati ambapo wageni wa kupanda mlima hutafutwa kwa tochi.

Waongoza wageni wakaomba kazi.

Mmoja aliambatisha cheti cha huduma ya kwanza. Mwingine alieleza kwamba ana buti zake mwenyewe na begi la kulalia la kuhimili baridi kali. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Nikawapigia mmoja mmoja kuwaomba radhi, nao wakacheka, na mmoja akaniambia basi nikipata wageni nimkumbuke.

Lakini barua moja ilinipita, sikuishtukia. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, mwandiko mzuri, na ilisema hivi: "Nina uzoefu wa miaka mingi wa kuwaelekeza watu wa mataifa mbalimbali katika mazingira magumu. Hakuna aliyepotea mikononi mwangu. Asiyeweza kufika namrudisha salama." Niliisoma nikasema huyu ndiye. Nilimwona kabisa, amevaa miwani, ametoka kufanya kazi na mashirika makubwa. Nikamweka wa kwanza kwenye usaili. Ile barua haikutaja mlima hata mara moja, na sasa naelewa kwa nini. Mtu wa huku hautaji mlima. Uko tu.

Usaili ulikuwa leo, sebuleni kwa Mama Ndeshi. Chini Himo jua lilikuwa linawaka, na kadiri bodaboda ilivyopanda ndivyo ukungu ulivyotumeza, hadi nikawa naisikia mifereji bila kuiona. Napenda sana sehemu ile ya njia. Huwa nahisi kama naingia ndani ya usingizi wa mtu mwingine, taratibu, bila kumwamsha. Nilipofika, kamati ilikuwa imeshakaa, chupa za chai zimepangwa, na ng'ombe wa Mama Ndeshi anatafuna majani nyuma ya ukuta kana kwamba naye ni mjumbe.

Wa kwanza kuingia alikuwa yule wa barua. Anaitwa Aminieli, mtu wa makamo, mrefu, uso umechomwa na jua la theluji. Hakuwa na miwani. Alivua kofia, akamwamkia Mama Ndeshi shikamoo, akaitikiwa "marahaba, baba," akaketi. Maswali nilikuwa nimeyaandika mimi na kuwagawia wajumbe.

Mama mmoja akamwuliza kikundi chake cha kazi kina watu wangapi.

"Inategemea mko wangapi nyinyi," akasema. "Kila mmoja na wapagazi wake. Na mpishi, lazima."

Nikainua kichwa kwenye karatasi. Mpishi?

Mwingine akauliza kazi itachukua muda gani. Aminieli akawatazama wote, mmoja mmoja, kwa huruma. "Siku sita. Kama magoti yatakubali."

"Na mwisho wa kazi," akauliza Mama Ndeshi, ambaye nilikuwa nimempa swali la ripoti, "utatukabidhi nini?"

"Cheti, mama."

"Cheti cha nini?"

"Cha kufika kileleni."

Kisha mjumbe mmoja akaachia kicheko, na sebule nzima ikamfuata. Mama Ndeshi alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilitamani nijifiche chini ya meza, maana huyu hakuletwa na msomaji wa matangazo. Huyu nilimchagua mwenyewe. Lakini Aminieli naye alikuwa anacheka. Alisema tangu Jumapili ile ya tangazo alikuwa anajiuliza, mama zake hawa wamepatwa na nini hata watake kupanda na mvua hii. Akasimama aage. Mama Ndeshi akamwambia kaa unywe chai, mtu aliyeitwa haondoki na koo kavu.

Akakaa. Na hapo ndipo siku yangu ilipogeuka, ingawa wakati ule sikujua.

Mama Ndeshi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatazama dirishani, upande wa juu, ambako palikuwa na ukungu mtupu. Akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Hivi mtu kama mimi, kwa umri huu, anaweza kufika wapi?"

Aminieli akamwambia anaweza kufika kibanda cha kwanza, taratibu, bila shida. Alale pale. Asubuhi, kukiwa kweupe, asogee mbele kidogo miti inapoishia, ataiona Himo yote iko chini, na migomba ya Kirua, na akitazama vizuri ataliona hata bati la nyumba yake.

Nikawauliza, hivi kati yenu nani amewahi kupanda? Hakuna. Hata getini kwenye njia ya wageni hawajafika. Kila siku ya maisha yao wameishi chini ya mlima huu, wamekata majani, wamebeba ndizi, wamewaona watu wa dunia nzima wakipita kwenda juu, na wao hawajawahi. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Nilijua wangapi wanakamua na wangapi wana mitamba, na hilo sikulijua.

"Sasa ng'ombe atakamuliwa na nani?" akasema mmoja, na wote wakaitikia kwa kichwa. Ndiyo sababu. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, na hana likizo, wala hapendi mkono wa mgeni. Aminieli akamaliza chai yake, akashukuru kwa Kichagga, "aika," akatoka. Ukungu ukamchukua hapo hapo mlangoni.

Usaili ukaendelea, lakini nakuapia, hakuna aliyekuwa pale tena. Sote tulikuwa kule kwenye kibanda cha kwanza tukitafuta bati letu.

Akaingia mtaalamu kutoka Arusha. Ana shahada zote, ana sauti nzuri ya kutuliza, na viatu vyake havikushika tope, sijui alipita wapi. Nilimpenda. Alisema ofisi ya mjini ni mlango wa umoja huu, na mlango haung'olewi. Akasema mratibu aliyepo apewe hata msaidizi. Moyo wangu ukaanza kuota. Niliiona meza ya pili pale karibu na kabati, niliona kibao kipya mlangoni. Kisha mjumbe mmoja akasema yeye anaona bora ofisi ihamie Kirua, na yule bwana akasema hilo nalo ni wazo zuri sana. Mwingine akasema labda ibaki huku na huku. Likawa zuri pia. Si mtu mbaya. Ana uso unaomwambia kila mtu ndiyo, na mimi siku zote hizi nilikuwa natafuta uso wa namna hiyo.

Wa mwisho alikuwa Anaeli. Ni msichana, tuseme mwanamke, wa rika langu, mzaliwa wa Masama, kwao wanalima kahawa na kufuga. Amefanya kazi na vikundi vya maziwa sehemu nyingi. Alifika amelowa, mwavuli ukiwa mkononi, umevunjika. Walipomwuliza anaonaje, ofisi ibaki au iende, akasema, "Sijui, mama zangu. Ningekuwa nimeshajua leo, msingenihitaji." Kisha akauliza yeye. Akauliza kama jibu likiwa ofisi ifungwe, watalipokea?

Wakasema watalipokea.

Akanigeukia mimi. "Na wewe, dada Zuhura?"

Walinitazama wote. Nikasema, "Chai yako inapoa."

Ndivyo nilivyojibu, shajara. Mwanamke mzima, mratibu, nimejibu chai inapoa. Anaeli akainywa, akanishukuru, wala hakurudia swali.

Walipoondoka, kamati ikapiga kura, ikagawanyika katikati. Nusu wanamtaka bwana wa Arusha kwa sababu ana jina. Nusu wanamtaka Anaeli kwa sababu alikiri kutojua. Nikawaambia basi mwenyekiti aamue. Mama Ndeshi akakataa. Akasema kati yetu sisi wote atakayefanya kazi na mtaalamu huyo ni Zuhura, basi kura ya mwisho iwe ya Zuhura.

Nikaomba nitoke kidogo.

Nilisimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, matone yananidondokea shingoni. Yule ng'ombe alinitazama huku anatafuna. Sikuwa na mawazo makubwa. Nilikuwa naona vitu tu, kama mtu aliye nusu usingizini: dirisha langu hili, meza ya pili ambayo haipo, kibao kipya. Nikaona nakipenda kila kitu nilichoahidiwa na yule bwana, na vyote alivyoviahidi vilikuwa vyangu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha akina mama. Nilihuzunika. Nasema wazi, nililia kidogo. Chumba kile cha mjini nakipenda, na akina mama hawa nawapenda, na leo ilionekana siwezi kuvishika vyote kwa mkono mmoja.

Nikarudi ndani nikasema, "Anaeli."

Hawakushangilia. Mama Ndeshi aliandika jina, akafunika kalamu. Kisha akasema kuna ajenda nyingine. Nikashtuka, maana ajenda nilizipanga mimi na hiyo haikuwemo. Akasema anataka umoja umwajiri na yule mwingine pia, Aminieli, mvua zikiisha. Awapeleke kibanda cha kwanza, kwa zamu: wanaokwenda waende, wanaobaki wawakamulie wenzao. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba ng'ombe hawakubali mkono wa mtu. Mama Ndeshi akasema basi waanze kuwazoesha kuanzia kesho, kila mmoja awe anakamua kwa jirani, hadi mlima ukikauka ng'ombe wote wa Kirua wawajue wote. Hoja ikapita kabla sijapata kalamu.

Nilikuwa nafunga begi aliponiletea chupa ya mtindi. Akanishika mkono kama siku ile ya mkutano. Akasema, "Zuhura, zamu ya kwanza uko na sisi. Mwelekezi umetuitia mwenyewe, halafu ubaki mjini?"

Nikamwambia, mama, huenda wakati huo nisiwe mratibu tena.

"Nimekuuliza habari ya uratibu?" akasema. Akarudi jikoni kwake.

Nikashuka na bodaboda. Ukungu ulituachia mahali pale pale ulipotumeza. Na sasa nimekaa hapa, adhana ya magharibi inaanza, na nilipoinua macho kutoka kwenye mstari huu mlima ulikuwa umejitokeza. Si wote. Kipande cha theluji tu juu ya mawingu, chekundu kidogo, juu zaidi ya pale nilipokuwa nikitazama wiki nzima. Ndivyo unavyonifanyia kila mwaka, na kila mwaka nautafuta chini mno.

Sijui kama masika ijayo nitautazama kutoka kwenye dirisha hili. Nimeliandika hilo, na sitalifuta.

Kesho asubuhi nitaandaa mkataba wa Anaeli. Swali la kwanza nitaliweka kama mkutano ulivyoliuliza, ofisi ya mjini inahitajika au haihitajiki, bila kulilainisha. Nikimaliza nitapita soko la Memorial, kwenye mitumba, nikaulizie viatu vya mlimani. Mguu wangu ni mdogo, lakini havikosekani pale, vya wageni waliopanda, wakashuka salama, wakaviacha.